Kuwapeleka Watoto Wakubwa Kwenye Istanbul Yako

Kosa kubwa hufanyika kabla tiketi hazijakatwa. Mzazi aliyeishi Istanbul enzi za ujana, kwa masomo au biashara au kazi ya melini, anachukua karatasi na kuandika kila kona anayoikumbuka: mkahawa ule, ngazi zile, duka la yule mzee wa vitabu, gati lile la samaki. Karatasi inajaa, na siku ni saba tu. Watoto wenyewe sasa wana miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu, wana mishahara yao, wengine wanakuja na wenzi wao, halafu wanatakiwa wafuate nyuma kama darasa la nne kwenye ziara ya makumbusho. Kufikia siku ya tatu kila mtu amenuna.

Wahenga walishaliona hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waongoze siku mbili za mwanzo, kisha uwakabidhi mji waulime wenyewe. Kila kinachofuata hapa kimejengwa juu ya mpango huo, na sehemu kubwa yake ni mambo ya kadi, ratiba na magoti.

Mji uliouacha umebadilika

Ukirudi baada ya miaka kumi na tano au ishirini, anza kwa kujisahihisha mwenyewe. Kama uliondoka kabla ya 2005, huenda bado unahesabu lira kwa mamilioni. Sufuri sita zilifutwa mwanzoni mwa mwaka huo. Kama uliondoka kabla ya mwisho wa 2013, hukuiona Marmaray, treni inayopita chini ya bahari kutoka Sirkeci, upande wa Ulaya, hadi Üsküdar, upande wa Asia, kwa dakika nne hivi. Kazi yake ilichelewa miaka kadhaa kwa sababu wachimbaji wa Yenikapı waliangukia bandari ya kale yenye mabaki ya vyombo 37. Kiwanja cha Atatürk, ambacho pengine ndicho ulichoshukia wewe, kiliacha kupokea abiria wa kawaida Aprili 2019, na kiwanja kipya kiko karibu na Bahari Nyeusi, kilomita kama 40 kutoka katikati ya mji. Ayasofya uliyoikuta ni makumbusho imekuwa msikiti tena tangu Julai 2020. Mikokoteni ya farasi ya kisiwani Büyükada iliondolewa 2020, na magari ya umeme yamechukua nafasi yake.

Kwa hiyo usimwambie mtoto "twendeni, naijua njia" kabla hujaihakiki. Yeye ana ramani mkononi. Ukikosea mara mbili, mara ya tatu hakuulizi tena, anatangulia. Jioni ya kabla, kaa dakika ishirini uangalie kila mahali pa kesho: bado papo? Hufunguliwa siku hiyo? Mlango wa wageni ni upi?

Mahali pa moyoni hasa, yaani nyumba uliyopanga au chumba cha chai ulichosomea, nenda peke yako kwanza. Nenda asubuhi mapema. Vijana wakiwa likizo hulala mpaka saa nne, kwa hiyo una muda wa kutosha kwenda na kurudi kabla hawajauliza uko wapi. Sababu ni hii: tangu sheria ya 2012 kuhusu majengo yasiyoweza kuhimili tetemeko la ardhi, mitaa mizima imebomolewa na kujengwa upya, hasa upande wa Asia kuanzia Kadıköy kuelekea barabara ya Bağdat. Uwezekano wa kukuta ghorofa jipya lenye vioo pale palipokuwa na kibaraza chako ni mkubwa. Ukilikuta jambo hilo peke yako, utasimama, utaguna, utaondoka. Ukilikuta mkiwa watano, wanne watasimama juani wakikusubiri umalize huzuni isiyokuwa yao. Ukikuta bado papo, warudishe huko baadaye kwa robo saa, mkiwa njiani kwenda kwingine.

Mahali pa namna hiyo pasizidi patatu kwa safari nzima. Najua ni pachache. Pa nne na pa tano watapasikia tu, na ambaye ataguswa atakuuliza mwenyewe.

Kabla ya kupanda ndege

Istanbul ina viwanja viwili vya ndege, kimoja Ulaya (IST) na kingine Asia (SAW, yaani Sabiha Gökçen). Familia ambayo watoto wanatoka nchi tofauti huishia imegawanyika mabara mawili usiku wa manane, kila upande ukidhani ule mwingine umechelewa. Kabla mtu hajalipa, someni herufi tatu za kila tiketi kwa sauti.

Pasipoti ziangalieni moja moja. Watoto waliochukua uraia wa kwingine huenda hawahitaji viza wakati mzazi anaihitaji, au kinyume chake.

Malazi yalipieni mkiwa bado kwenu. Tovuti moja kubwa sana ya kuhifadhi hoteli imezuiwa na mahakama tangu 2017 kuuza vyumba vya ndani ya Uturuki kwa mtu aliyeko Uturuki, na wengi hugundua hilo wakiwa wamesimama barabarani na mizigo. Laini ya simu ya kidijitali nayo iwekeni kabla ya kufika, maana baadhi ya tovuti za wauzaji wake hazifunguki mkiwa kule.

Kuhusu mtaa wa kulala, wazazi hupenda Sultanahmet kwa sababu ya ukaribu wa misikiti mikubwa. Mimi nasema hapana. Ni pazuri alfajiri, lakini jioni maduka yakifungwa mtaa unalala, na mikahawa iliyobaki inawavizia watalii. Watoto wa miaka ishirini na saba hawatakusamehe. Galata na Karaköy kuna uhai, ila mlima ni mkali na kelele za usiku hupenya dirisha lolote. Kadıköy, hasa upande wa Moda, ndiko ninakopendekeza kwa familia ya watu wazima: kuna soko, kuna bahari ya kutembea pembeni yake jioni, kuna sehemu za vijana kukesha bila kukuamsha, na kila asubuhi mnaanza siku kwa kuvuka maji. Hasara yake ni kwamba vivuko vya mwisho huondoka kabla ya usiku wa manane, kwa hiyo mtu anayechelewa Ulaya ajue Marmaray inaishia saa ngapi siku hiyo.

Pangeni nyumba mbili ndogo badala ya moja kubwa. Watu wazima watano na choo kimoja ni ugomvi unaosubiri asubuhi. Ulizeni kuhusu lifti, kwa sababu majengo mengi ya zamani hayana, na picha za tangazo hazionyeshi ngazi.

Kadi moja kwa kila mtu

Usafiri wa mji mzima, yaani tramu, treni, basi, kivuko na reli za mlimani, unalipiwa kwa Istanbulkart. Hununuliwa kwenye mashine zilizoko stesheni na magatini. Mashine nyingi hazirudishi chenji, kwa hiyo usiingize noti kubwa ukitegemea kupata baki. Unaweza kugonga kadi moja kwa ajili ya watu kadhaa, na mzazi hupenda hivyo kwa sababu inampa raha ya kulipia watoto. Usifanye. Punguzo la kubadilisha chombo kwa muda mfupi linafuata kadi yenye mtu wake mmoja. Isitoshe, mwenye kadi ndiye mwenye uhuru: mtoto ambaye hana kadi yake hawezi kubaki nyuma, wala kutangulia, wala kurudi kulala.

Marmaray ina mtego wake. Ukiingia inakukata nauli ya njia nzima. Ukitoka, kuna mashine ndogo pembeni ya lango; gusisha kadi pale na kiasi ambacho hukusafiri kinarudi. Asiyejua analipa nauli ya mwisho wa reli kwa safari ya dakika nne. Mabasi ya metrobüs yana utaratibu huohuo.

Siku mbili za mwenyeji

Siku ya kwanza waache wapumzike, kisha alasiri wapeleke majini. Hakuna utangulizi mwingine wa Istanbul unaoshinda kivuko cha kawaida cha abiria kati ya Kadıköy na Eminönü au Karaköy, upande wa Ulaya. Ni dakika kama ishirini kwa nauli ya kadi, na kina kila kitu ambacho boti za watalii huuza kwa bei mara nyingi zaidi.

Kaeni nje, kwenye mabenchi ya ubavuni. Mkitoka Eminönü kwenda Kadıköy, mji wa kale na kasri la Topkapı viko kulia. Kushoto mtaona Galata, mdomo wa Bosphorus, mlango wa bahari unaotenganisha Ulaya na Asia, halafu Kız Kulesi, mnara mdogo uliosimama majini mbele ya Üsküdar. Jioni ni vizuri zaidi kusafiri kinyume, kutoka Kadıköy, mkiwa ubavu wa kushoto: jua linazama nyuma ya minara na kuba. Baada ya dakika tano hivi mtu mwenye sinia atapita akiita "çay". Glasi yake ni nyembamba kiunoni, haina mkono, na inachoma. Ishike kwa ncha za vidole juu ukingoni, pale ambapo chai haijafika. Vipande vya sukari viko kwenye kisahani. Maziwa hayapo, na kuyaomba ni kumshangaza mtu bure. Anayetaka kulisha shakwe amege simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, arushe juu kidogo mbele ya ndege. Asimpe mkononi, mdomo wa shakwe una kona kali.

Kivuko hicho pia ni kipimo kizuri cha hadithi. Hadithi ya mzazi isizidi urefu wa safari: inaanza gati likiachwa, inaisha kamba ikirushwa upande wa pili. Ukiona tayari mnaegesha na wewe hujafika alipotokea mwenye nyumba, acha. Wataomba mwisho wake wenyewe mkirudi, au hawataomba, na hiyo nayo ni habari.

Asubuhi ya pili ni ya Sultanahmet, na hapa siku ya juma ina uzito. Topkapı hufungwa Jumanne. Kasri la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu. Soko kuu lililoezekwa, Kapalıçarşı, hufungwa Jumapili. Ijumaa misikiti mikubwa haipokei watalii mpaka alasiri, na kila siku milango yao hufungwa wakati wa sala. Visiwani msiende Jumapili ya kiangazi, kwa sababu nusu ya mji itakuwa ndani ya boti ileile. Chagueni siku ya kazi.

Ayasofya ndiyo inayoleta utata kwenye familia. Jengo hili lilimalizika likiwa kanisa mwaka 537 chini ya Kaisari Justiniano, na tangu Januari 2024 lina njia mbili. Anayeingia kuswali anatumia mlango wa waumini, anafika chini kwenye zulia, bila malipo. Mtalii anapandishwa ghorofa ya juu kwa ada ya euro 25. Mtu anayekumbuka enzi za makumbusho, alipokuwa akizunguka kote, hujikuta ameteua nusu ya jengo bila kujua: picha nyingi za mozaiki ziko juu, ilhali ukubwa wa kuba unausikia vizuri ukiwa chini. Na ile picha ya Mariamu iliyo juu ya mihrabu, aliye chini huikuta imefunikwa pazia. Zungumzeni jambo hili nyumbani, wakati wa kifungua kinywa. Familia nyingi zina mtoto anayeswali na mwingine asiyeswali, na mlangoni, mbele ya foleni, sipo pa kuanza kulisawazisha. Kila mtu aingie njia yake, mkutane baada ya saa moja kwenye Alman Çeşmesi, lile bomba la umma lenye kuba alilolitoa zawadi mfalme wa Ujerumani. Liko mwanzo wa uwanja wa mbio za farasi wa kale na halikosekani. Wanawake wabebe mtandio wao, ni nadhifu kuliko wa kuazima.

Mchana wa joto shukeni Yerebatan, birika la maji la chini ya ardhi lenye nguzo 336. Kisha tafadhali msimalizie nguvu zenu kwenye foleni ya pili. Msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na msanifu Sinan na kumalizika 1557, una nafasi, una utulivu, na ukuta wake wa nyuma unaangalia Haliç yote, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Kaburi la Sinan mwenyewe liko nje kwenye kona ya barabara, dogo kiasi kwamba wengi hulipita. Mbele ya msikiti kuna mstari wa mikahawa ya maharage. Hapo ndipo pa kula.

Jembe

Usiku wa siku ya pili, tamka wazi: kuanzia kesho nyinyi ndio mnaochagua. Kisha funga mdomo. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko milima yote saba. Mtoto akisema anataka kwenda Balat kupiga picha za nyumba za rangi, usimwambie kwamba zamani Balat ilikuwa na maana zaidi. Mpeleke akili kwenye kanisa la chuma la Wabulgaria palepale Haliç, kama hulijui: lilizinduliwa 1898, na vipande vyake vilitengenezwa Vienna vikaletwa kwa maji. Wewe na yeye mtakuwa mnaliona kwa mara ya kwanza pamoja, na hilo lina thamani kuliko kona kumi unazozijua.

Mkigawanyika, kinachohitajika ni vitu viwili tu: mahali pa kukutana na saa. Kuhusu saa, kuna mtego unaowapata Waswahili peke yao. Uturuki imebaki na saa ya mwaka mzima tangu 2016, na ni saa ileile ya Afrika Mashariki, kwa hiyo simu ya anayetoka huko haibadiliki. Lakini "saat dokuz" ya Mturuki, tisa, ni saa tatu yetu. Mzazi akiandika "tukutane saa tatu" kwa mtoto aliyekulia ughaibuni, mmoja atafika asubuhi na mwingine alasiri. Andikeni tarakimu: 09:00, 15:00. Mahali pa kukutana pawe na paa na pa kukaa, wala pasiwe "mbele ya mnara wa Galata", kwa sababu watu mia nne wamekubaliana hapohapo.

Lugha itawafurahisha, na hapa mzazi anaruhusiwa kujigamba kidogo. Dakika ni dakika. Kitabu ni kitap, sabuni ni sabun, dunia ni dünya, habari ni haber, wakati ni vakit, hesabu ni hesap. Salamu yao ya kawaida ni "merhaba", ambayo kwa sikio letu inaonekana kama mtu anajibu shikamoo ambayo hakuna aliyeitoa. Waachie watoto waagize wenyewe hata wakikosea. Mzazi anayedakia kila sentensi kwa mhudumu kwa sababu Kituruki chake ni kizuri anawarudisha kwenye umri wa miaka sita.

Mezani

Fedha huharibu safari nyingi kuliko mvua. Bili, hesap, huletwa moja kwa meza nzima. Mzazi anaivuta, mtoto mwenye kazi nzuri anaivuta, mtoto ambaye mambo hayajamnyookea anatazama dirishani. Malizeni jambo hili kabla ya kusafiri. Mpango unaofanya kazi ni mzazi kulipa malazi, watoto kulipa chakula kwa mfuko mmoja wa pamoja, anayeweza atie zaidi bila kutangaza. Usiwaahidi kwamba Istanbul ni rahisi. Mfumuko wa bei umeipindua kabisa, na bei ya kumbukumbu yako ikitajwa mbele ya menyu ya leo inachosha.

Mikahawa ya samaki huuza kwa uzito. Uliza uzito na bei kabla hajaingia jikoni, kwa sababu akishachomwa hakuna mjadala. Sinia la vitafunwa likiletwa mezani bila kuagizwa, chagueni mnachotaka na lirudi. Kila kisahani kinachobaki kinahesabiwa. Kifungua kinywa cha kutandaza meza, serpme kahvaltı, huhesabiwa kwa kichwa, na kwa kawaida ni kingi kupita kiasi: mkiwa watano, ulizeni kama mnaweza kuagiza cha watatu na mayai ya ziada.

Kahawa nayo ina adabu yake. Sukari hupikwa pamoja na kahawa ndani ya kibirika, haiongezwi baadaye, kwa hiyo kila mtu aseme mapema: sade ni bila sukari, az şekerli ni kidogo, orta ni wastani, şekerli ni tamu. Meza yenye ladha nne tofauti inampikisha mtu vibirika vinne, na ndiyo maana itachelewa. Ikifika, iache itulie dakika moja machicha yashuke. Kunywa theluthi mbili, na usikoroge kamwe.

Hamamu niliseme kwa kifupi. Wanaume na wanawake hutengwa, ama kwa majengo kama Çemberlitaş ya 1584, ama kwa zamu za saa. Kwa hiyo mama na binti wataingia pamoja, baba na mwana pamoja. Mkwe na baba mkwe wakiwa na kitambaa kimoja kimoja kiunoni juu ya jiwe lilelile la moto ni jambo la kuulizana kwanza, na jibu la "nitawasubiri nje nikinywa chai" likubaliwe bila utani.

Mlima, upepo na teksi

Vivuko husimamishwa kwa mambo mawili: ukungu, na upepo wa kusini unaoitwa lodos. Lodos ukivuma, bahari ya Marmara inapanda juu ya magati, na Waturuki wengi watakuambia unawaumiza kichwa. Siku hiyo mpango wa visiwani unakufa. Msikae gatini mkitumaini. Marmaray inaendelea kupita chini kama kawaida.

Milima ya Galata na Cihangir inadanganya kuhusu magoti. Mzazi huogopa kupanda, kumbe kupanda humchosha pumzi tu, na kushuka kwenye mawe yaliyosuguliwa na miguu ndiko kunakoumiza goti na kuangusha watu mvua ikinyesha. Kwa hiyo, kinyume na wafanyavyo wengi, panda polepole kwa mguu ukisimama kutazama madirisha, na ushuke kwa reli. Tünel, inayounganisha barabara ya İstiklal na Karaköy, ina urefu wa mita 573 na imekuwa ikifanya kazi tangu 1875. Ni London tu iliyotangulia kuwa na reli ya abiria chini ya mji. Kutoka Taksim kushuka Kabataş kuna nyingine. Na ukichoka, sema umechoka. Watoto wazima wanakuona unavyokanyaga ngazi tangu siku ya kwanza, wanachosubiri ni wewe useme wapunguze mwendo bila kuonekana wamekudharau.

Teksi hubeba abiria wanne. Familia ya watano inahitaji mbili, na hapo ndipo watu hupotezana, kwa sababu madereva wawili huchagua madaraja mawili. Agizeni kwa programu ya simu ili mita na njia vibaki na kumbukumbu, na msijaribu kuvuka bara kwa gari jioni ya siku ya kazi. Mtakaa darajani saa nzima mkitazama vivuko vikiwapita chini.

Nusu siku ya mwisho iacheni tupu. Kufikia hapo watoto huwa wamepata kibanda chao cha chai, au duka la sahani za muziki huko nyuma ya soko la Kadıköy, au benchi fulani ufukweni Moda, na watataka kukupeleka. Inawezekana kabisa ulipajua kabla hawajazaliwa, na kwamba palikuwa na jina jingine na mwenye mali mwingine. Waache watangulie kuingia, kaa wanapokuonyesha ukae, wao waagize, kisha waulize walipapataje.